Laptopu imegoma kuwaka na hesabu zote za kikoba zimo ndani, nianzie wapi?

Katibu_Moro

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada wenu, jambo lenyewe limenikaa vibaya kidogo.

Mi ni katibu wa kikoba chetu huku Morogoro, tuko wanachama 28, na hesabu zote yaani hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, faini, viko kwenye Excel ndani ya laptopu ya mtumba, ina hadi diski ile ya kuzunguka ya GB 500 na Windows 10. Juzi umeme ulikuwa unakatika unarudi, unakatika unarudi, na betri yake haikai na chaji kwa hiyo kila umeme ukienda na yenyewe inaenda. Mara ya mwisho kuiwasha ikaleta nembo ya kampuni halafu skrini nyeusi na maandishi meupe No boot device found. Nikibonyeza kitufe inarudi palepale. Saa nyingine inakubali kidogo, vile vidoti vinazunguka weee halafu inaandika Preparing Automatic Repair inabaki hapohapo. Nikiweka sikio karibu na kibodi upande wa kulia nasikia kitu kinagonga taratibu, tik, tik, kinanyamaza, kinaanza tena.

Mgao wetu ni mwisho wa mwezi ujao. Nakala iliyoko kwenye flashi ni ya Disemba. Fundi wa hapa mtaani kaiangalia kasema Windows imekufa, niiache apige Windows mpya, nimemwambia asubiri kwanza. Humo ndani pia kuna picha za marehemu mama ambazo hazipo sehemu nyingine yoyote. Je data zinapatikana? Na naanza na nini?

kipanya_cha_kati

Hiyo Windows tu mkuu, piga mpya fasta. Ukifika pale pa kuchagua patisheni fomati C tu, usiguse D, vitu vya D vinabaki salama.

FundiWaBodi

Katibu umefanya jambo la maana sana kumsimamisha huyo fundi. Na kipanya_cha_kati samahani ndugu yangu, ila ushauri huo kwa diski inayogonga ni wa hatari. Kwanza watu wengi hawahifadhi D, wanahifadhi Desktop na Documents na hizo zote ziko C, ukiifomati na kumwaga Windows mpya juu yake ndo umeziandikia kitu kingine juu. Pili kupiga Windows ni kuandika zaidi ya GB 15 kwenye diski ambayo kusoma tu inahema.

Sasa Katibu nisikilize, huo mlio ndo habari yenyewe kuliko hayo maandishi. Hadi diski ya kuzunguka ina sahani ndani na kichwa kinachoelea juu ya sahani bila kuigusa, ule tik tik ni kichwa kinatafuta njia yake, kinakosa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kila dakika inapowaka huku inagonga unapunguza nafasi ya kupata vitu vyako, kwa hiyo izime, na usiiwashe tena ili kumwonyesha mtu. Usiiache kwenye hiyo Automatic Repair, na mtu asikuendeshee chkdsk hata akiapa, maana kazi ya chkdsk ni kunyoosha mpangilio wa mafaili, haikuahidi kuokoa picha zako, kwenye diski inayokufa inaweza kukuachia folda la found.000 limejaa vipande visivyo na majina. Na ile ya kuweka hadi diski kwenye friza achaneni nayo jamani, inaingiza unyevu ndani ya kitu ambacho hakitakiwi hata vumbi.

Ila kabla hatujaihukumu diski kuna kitu kimoja cha kuangalia. Laptopu za mtumba nyingi betri ndogo ya CMOS, ile inayotunza saa na mipangilio ya mashine, mara nyingi ni ya duara ya volti 3, imeshachoka. Betri kubwa ikiwa nayo haina kitu na umeme ukaenda, BIOS, yaani programu ya mashine inayoanza kabla ya Windows, inasahau kila kitu, tarehe inarudi miaka ya nyuma na mpangilio wa kubuti, yaani wa kuwasha Windows, unaweza kuhama kutoka UEFI (njia mpya) kwenda Legacy (njia ya zamani). Windows iliyopigwa kwa UEFI haiwaki ukiwa Legacy, utaona hayohayo maandishi ya No boot device wakati diski ni nzima kabisa. Hii naikuta mara nyingi na marekebisho yake ni ya dakika moja. Ingia BIOS, kwa Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1, angalia vitu vitatu tu: tarehe iko sawa, UEFI au Legacy, na jina la hadi diski linaonekana au hakuna. Halafu zima uje utuambie. Kama kuna flashi imechomekwa itoe kwanza, na yenyewe huwa inaleta hayo maandishi.

MwekaHazina_Tupendane

Katibu pole sana dada yangu, au kaka, mi nawajua nyie makatibu mnavyobeba mzigo wa watu. Wakati mafundi wanashughulika na diski wewe anza na upande wa pili, hesabu za kikoba haziko sehemu moja hata kama unaona ziko sehemu moja.

Kila mwanachama si ana daftari lake la hisa? Yakusanye yote, hisa zote zimo mle zimegongwa au zimeandikwa. Mikopo ipo kwenye fomu za mikopo zenye sahihi za wadhamini. Marejesho kama mnalipa kwa simu, taarifa ya miamala ya laini ya kikundi inaombwa na inakuja na tarehe na jina la aliyetuma. Halafu ingia kwenye grupu lenu la WhatsApp, bonyeza jina la grupu, fungua sehemu ya dokumenti, uangalie kama hukuwahi kutuma lile faili la Excel baada ya kikao. Kama ulituma lipo, na hata kama limefutwa kwenye simu yako linaweza kuwa kwenye simu ya mwenyekiti, kwa Android linakaa kwenye folda la WhatsApp Documents. Angalia na barua pepe upande wa zilizotumwa. Nakala ya mwezi wa pili ukiipata pale unabaki na kazi ya miezi michache tu ya kujaza kutoka kwenye madaftari, wiki moja mnaimaliza mkikaa watu wawili, mmoja anasoma mmoja anaandika.

Picha za mama ndo hazina daftari, hizo ndo za kupigania kwenye diski.

Katibu_Moro

Asanteni sana, mmenipa nguvu. Mi ni dada 🙏

FundiWaBodi nimeingia BIOS, tarehe iko sawa hadi dakika, imeandikwa UEFI, jina la hadi diski linaonekana ila lilichelewa sana kutokea. Nimezima. MwekaHazina umenifumbua macho, kwenye grupu nimekuta Excel ya mwezi wa nne, mwenyekiti aliniomba siku hiyo nikamtumia palepale! Kwa hiyo hesabu sasa sina presha nazo. Zimebaki picha.

Mwana_Kisauni

Pole sana dadangu, kutoka huku Mombasa. Kabla hujaitoa hiyo diski kuiweka kwa mashine nyingine, jua kama imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data zote za diski, au la. Windows 11 nyingi mpya zinajifunga zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, mwenye mashine hata hana habari, na Windows 10 zingine pia. Ukiona inaitisha recovery key ni namba ya tarakimu 48, usibahatishe, shika simu uingie account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa ile imeili uliyotumia kwenye laptopu, mara nyingi iko pale. Bila hiyo namba hakuna fundi Mombasa wala Nairobi wala Kariakoo atakayekufungulia, akikwambia anaweza anataka tu pesa yako.

Kama haikufungwa basi hata paswedi ya Windows haikuzuii, ukibuti Linux kwa flashi, mfumo mwingine badala ya Windows, kama Ubuntu, unasoma mafaili moja kwa moja.

Ningekuwa mimi ningebuti Ubuntu nikopi folda la picha kwanza haraka haraka kisha hayo mengine yafuate. Diski yagonga, waanza vipi kusoma GB 500 nzima na mtu ataka GB 10?

FundiWaBodi

Mwana_Kisauni hoja yako ya BitLocker naiunga mkono mia kwa mia. Hiyo ya pili tutofautiane kidogo. Ukifungua folda kwa kawaida kichwa kinaruka huku na huku, kinasoma orodha ya mafaili hapa, faili lenyewe kule, picha ndogo za kuonyesha kwenye folda sehemu nyingine, na kikikutana na sekta mbovu mfumo unang'ang'ania palepale kurudia rudia mpaka diski inazimia. ddrescue, programu ya Linux ya kukopi diski mbovu, inaenda mstari mmoja mbele kwa mbele, ikikuta pabovu inaruka inaendelea na pazima, pabovu inaparudia mwisho. Diski inapumzika. Ndo maana kwa diski ya aina hii natoa kopi ya diski nzima kwanza halafu natafuta picha ndani ya kopi, diski yenyewe naiweka pembeni. Njia yako naikubali kwa diski ambayo ni nzima ila Windows tu ndo imekorofisha, hapo hamna haja ya kuhangaika na yote haya.

Dada Katibu ukweli niuseme mapema. Kama inagonga mfululizo na BIOS haiioni kabisa, hiyo si kazi ya nyumbani, inahitaji kufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi na kubadilishiwa vichwa, na gharama yake ni kubwa. Ya kwako BIOS inaiona, kwa hiyo kuna nafasi nzuri, lakini ni bahati nasibu. Ukiona imeanza kugonga zaidi au imetoweka katikati simama hapo hapo uamue kama picha zinastahili gharama ya wataalamu. Usikubali mtu afungue lile kopo la chuma kwa bisibisi mezani kwake.

Unahitaji hadi diski ya nje kubwa kuliko GB 500, tuseme TB 1, iliyofomatiwa NTFS au exFAT, isiwe FAT32 maana FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 na kopi yako itakuwa faili moja kubwa. Unahitaji flashi ambayo haina kitu unachokihitaji, itafutwa yote. Na kompyuta ya mtu, ikiwezekana ya mezani yenye UPS. Kwenye kompyuta hiyo pakua SystemRescue, Linux ndogo ya uokoaji, bando lake halitishi, ni karibu GB 1, wakati Ubuntu ya sasa inagonga GB 6, na SystemRescue inakuja na ddrescue ndani tayari. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus.

Diski itoe kwenye laptopu, kifuniko cha chini kina skrubu ndogo ndogo, toa chaja na betri kwanza. Iweke kwenye kesi ya USB ya hadi diski za inchi 2.5, au bora uichomeke moja kwa moja kwenye SATA ya kompyuta ya mezani. Usiichomeke kwenye kompyuta ikiwa iko kwenye Windows, itakuletea ujumbe wa kuomba uiformati au uiskani, na mtu mmoja wa haraka akibonyeza ndiyo imekula kwako. Buti kwanza kwa flashi, kwa Dell na Lenovo nyingi F12 inaleta menyu ya kubuti, HP F9.

Ukishaingia andika lsblk. Hapa tulia kabisa. Itakuonyesha diski zote na ukubwa wake, tambua ipi ni GB 465 hivi, ndo hiyo ya GB 500 inavyosomeka, na ipi ni ya TB 1. Kwa mfano, diski mbovu ni sdb na ya nje patisheni yake ni sdc1:

mkdir /mnt/nje
mount /dev/sdc1 /mnt/nje
ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map

Ukigeuza sdb na sdc umeharibu, soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Lile faili la diski.map ni ramani ya ilikosoma na ilikoshindwa, na kwa umeme wetu huu ndo mkombozi, umeme ukikatika unawasha upya, una-mount tena, unahakikisha majina ya sdb na sdc hayajabadilika, unarudia amri ileile na inaendelea pale ilipoishia, haianzi moja. Diski isiyo na ubovu ikisoma MB 80 kwa sekunde GB 500 zinaisha kama saa moja na dakika 45. Ya kwako inaweza kuchukua usiku mzima au siku kadhaa, iache, ila sikiliza mlio. Ikimaliza raundi ya kwanza rudia ukibadilisha -n kuwa -r3 ili iyarudie yale mabovu mara tatu.

Katibu_Moro

Nimerudi. Nimesaidiwa na kijana mmoja wa chuo hapa SUA, tumefuata hatua zote kwenye kompyuta ya ofisini kwao yenye UPS. Hapo mwanzo ilikuwa inakimbia, ilipofika kama robo ikashuka mpaka ikawa inasoma kilobaiti tu, tukataka kukata tamaa lakini ikaruka lile eneo ikaendelea. Ikamaliza, isiyosomeka ni MB chache. Sasa tuna faili moja kubwa la diski.img na hatujui tunalifunguaje, na kijana anauliza kama aendelee na ile -r3.

FundiWaBodi

Safi sana! Kwanza fungueni mliyopata, -r3 mtaifanya kama kuna picha mnayoihitaji imeangukia kwenye hizo MB, msiitese diski bila sababu.

Kwenye SystemRescue hiyohiyo andika losetup -r -f -P --show /mnt/nje/diski.img, itakujibu jina mfano /dev/loop1. Andika lsblk tena, chini ya loop1 utaona patisheni zake, chukua ile kubwa kuliko zote, tuseme loop1p3, halafu mkdir /mnt/kopi na mount -o ro /dev/loop1p3 /mnt/kopi. Hiyo ro maana yake ni kusoma tu. Ikilalamika kwamba Windows ililala nusu usiogope, ni ile Fast Startup, kwa kusoma tu inakubali. Ukiingia /mnt/kopi/Users utakuta jina lako, ndani yake Desktop, Documents, Pictures, Downloads. Kopi kwenda diski ya tatu au hata kompyuta ya kijana, usirudishe kwenye diski ileile mbovu.

Laptopu yenyewe nunua SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, ya SATA inchi 2.5, hata ya GB 240 inatosha kwa kazi ya kikoba, piga Windows humo. Hapo sasa ndo muda wa fundi wako wa mtaani. Muulize pia kama mashine inakubali Windows 11 maana Windows 10 Microsoft waliacha kuitolea apdeti za bure za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Katibu_Moro

Picha za mama zipo zote!! Nimezifungua moja moja. Video mbili za ubatizo zinakatika katikati lakini hizo dada yangu anazo. Excel ya mwezi huu nayo imefunguka, tumeilinganisha na madaftari ya wanachama watatu iko sawa. Mungu awabariki sana, siwezi kueleza.

MwekaHazina_Tupendane

Alhamdulillah. Sasa Katibu hapo hapo kabla hamjatawanyika kikao kijacho wekeni utaratibu, usiwe wako binafsi uwe wa kikundi. Sisi kila kikao kikiisha, kabla sanduku halijafungwa, katibu anatuma lile faili kwenye grupu la uongozi na kwenye imeili ya kikundi, faili lenyewe halifiki hata MB 1. Linakuwa na tarehe kwenye jina, halifuti la jana yake. Hiyo ya tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Google Drive au OneDrive ikiwa inasinki na wewe ukafuta mistari kwa bahati mbaya, na kule inafutika. Picha zenu zikae kwenye hadi diski ya nje ambayo haishindi imechomekwa, maana virusi vya kufunga mafaili vikiingia vinafunga na iliyochomekwa, na kopi nyingine ikae nyumba nyingine kabisa, kwa dada yako au nani. Nyumba ikiibiwa laptopu na diski ya nje huwa vinaondoka pamoja.

Neema_Steshenari

Jamani naombeni na mimi, nimesoma huu uzi huku natetemeka. Mi tayari nilishapigiwa Windows mpya jana na fundi hakuniuliza kitu, vitu vyangu vilikuwa Desktop. Yangu ni SSD. Bado kuna matumaini?

FundiWaBodi

Neema izime sasa hivi, hata kuperuzi ni kuandika kwenye diski. Yanategemea alivyoipiga. Kuna mafundi wanapiga Windows bila kufomati, hapo vitu vya zamani vyote vinahamishiwa folda linaloitwa Windows.old kwenye C, fungua Windows.old halafu Users halafu jina lako. Kama lipo kopi leo leo kwenda nje, Windows huja kulifuta yenyewe baada ya siku chache. Angalia pia onedrive.com kwa imeili yako, Windows za siku hizi mara nyingi zinapeleka Desktop kule bila mtu kujua, na vilivyofutwa vinakaa kwenye kapu la taka la kule kwa siku 30.

Kama alifomati, hapo SSD ni tofauti na hadi diski ya kuzunguka. Kwenye ya kuzunguka data inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, programu ya PhotoRec inaweza kuiokota hata kama majina ya mafaili yamepotea. Kwenye SSD Windows inatuma amri ya TRIM na diski yenyewe inasafisha yale maeneo, kwa hiyo nafasi ni ndogo, sitaki nikudanganye. Jaribu PhotoRec ukibuti kwa flashi ya SystemRescue, matokeo yaende diski nyingine, ipe usiku mmoja. Na kwa fundi ulizia kama alichukua kopi kabla, wengine wanachukua na wanasahau kusema, mpigie kabla hajafuta kwenye mashine yake.

Neema_Steshenari

Windows.old ipo!! Nakopi sasa hivi, inasema dakika 40.

FundiWaBodi

Ikimaliza fungua mafaili kadhaa uhakikishe yanafunguka kabla hujaitoa hiyo diski ya nje, na itoe kwa Safely Remove, usichomoe tu.